Shafti ya mashine ya kusaga iliyokatika Moshi: ufa ulianzia wapi

Shafti ya mashine ya kusaga mahindi, ile ya nyundo inayozungushwa na mota ya kilowati 22, ilikatika mjini Moshi katika wiki ya tano tangu kiti chake cha beringi (sehemu ya shafti ambapo beringi hukaa) cha upande wa puli kijazwe kwa kuchomelea. Ilikatika penye kona, pale kiti cha milimita 45 kinapokutana na bega, yaani sehemu nene zaidi ya shafti, la milimita 52. Puli na mikanda vilibaki ndani ya kinga, hivyo hakuna aliyeumia. Kilichobaki ni ubishi. Mwenye mashine alimlaumu fundi aliyejaza. Fundi akasema chuma cha siku hizi ni feki. Aliyeuza shafti ikiwa tayari imechongwa akasema mikanda ilikazwa kupita kiasi.

Kauli zote tatu zinapimika, na vipande viwili vya shafti vilipelekwa maabara ya metali Arusha ili zipimwe. Yafuatayo ni uchunguzi wenyewe, hatua kwa hatua, pamoja na mahali ambapo kazi ya namna hii huharibika mikononi mwa wanaoifanya.

Hesabu kabla ya hadubini

Mota ya kilowati 22 ikizungusha shafti mizunguko 2,900 kwa dakika huipa msokoto wa takribani Nm (niutoni-mita) 72. Kwa puli ya milimita 140, nguvu ya mikanda inayofanya kazi ni N 1,035 hivi. Mikanda ya V iliyokazwa sawasawa huivuta shafti kando kwa karibu mara mbili ya nguvu hiyo. Tuchukue mara tatu, yaani N 3,100, ili hoja ya muuzaji ipewe nafasi yake yote. Kutoka katikati ya puli hadi katikati ya beringi ni milimita 120. Mkunjo unakuwa Nm 372, na mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo la chuma, kwenye uso wa chuma cha milimita 45 ni takribani MPa (megapaskali) 42.

Chuma cha kaboni ya wastani chenye nguvu ya mvuto ya MPa 600, kikiwa kimeng'arishwa vizuri, hustahimili mkunjo wa kuzunguka wa karibu MPa 300 mamilioni kwa mamilioni ya mizunguko bila kuanza ufa. Punguza nusu kwa ajili ya kona kali, punguza tena kwa ajili ya alama za kisu cha kereza. Bado unabaki na mara mbili au zaidi ya mkazo uliopo. Mikanda peke yake haiwezi kuikata shafti hii. Lakini shafti ambayo tayari ina ufa ni habari nyingine. Mizunguko 2,900 kwa dakika ni 174,000 kwa saa, na kwa saa 6 za kusaga ni zaidi ya milioni 1 kwa siku. Ufa ukishapata urefu wa kutosha kuanza kutembea, mkazo mdogo unamaliza kazi.

Kwa hiyo swali lililopelekwa maabara lilikuwa finyu: je, kulikuwa na ufa kabla ya mashine kuwashwa, na kama ulikuwepo, uliletwa na chuma chenyewe au na moto wa kuchomelea?

Uso wa mvunjiko

Kipande cha upande wa puli kilifika kikiwa bado kimepakwa grisi ya beringi, na grisi hiyo iliuokoa uso wake. Kile cha upande wa nyundo kilikuwa kimegongwagongwa, na kuna mtu alikuwa amejaribu kuvirudisha vipande pamoja aone kama vinaoana. Hilo ndilo kosa la kwanza katika kesi nyingi za mvunjiko. Nyuso mbili zikigusana, vilele vidogo vinavyoonyesha ufa ulikotoka na ulikoelekea husagika. Vipande vifungwe kila kimoja peke yake kwenye karatasi kavu au nailoni, bila brashi ya waya, bila msasa, bila kupakwa kitu. Maabara hutoa grisi kwa asetoni na brashi laini ya nailoni, na kupiga picha kabla ya kukata chochote.

Kwa macho na lenzi ya mara 10, uso ulikuwa na maeneo matatu. Eneo kubwa, karibu asilimia 80, lilikuwa laini na lenye alama za mawimbi zilizojipinda kuzunguka sehemu moja ya kona. Huo ni uchovu wa metali usio na shaka, yaani ufa unaokua kidogo kidogo kwa mzigo unaojirudia. Alama hizo huachwa pale ufa unapobadili mwendo: mashine inapozimwa, mzigo unapobadilika, umeme unapokatika na kurudi. Zisitumike kuhesabu siku, maana nyingi husuguliwa zikapotea. Upande wa pili wa shafti, sehemu ndogo isiyofika moja ya tano ya eneo lote ilikuwa na mikwaruzo mikali. Hapo ndipo chuma kilichobaki kilishindwa kwa mkupuo mmoja. Udogo wake unakubaliana na hesabu ya juu. Mkazo ungekuwa mkubwa, shafti ingekatika mapema, ikiwa bado na chuma kingi kizima.

Eneo la tatu ndilo lililobeba kesi. Penye kona, katikati ya mawimbi, kulikuwa na kipande cha umbo la nusu yai, urefu wa milimita 9 kwenye mzingo na kina cha milimita 1.8. Rangi yake ilikuwa ya kutu hafifu, na uso wake wa punjepunje, usio na wimbi hata moja. Uchovu haukukitengeneza hicho. Uchovu ulianzia pale kilipoishia.

Kukata bila kuharibu ushahidi

Sampuli tatu zilipangwa. Sampuli A ilipita katikati ya eneo la nusu yai, kwa urefu wa shafti, ili ioneshe mstari wa kuchomelea, chuma kilicho chini yake na mdomo wa mvunjiko kwa pamoja. Sampuli B ilikatwa upande wa pili wa mzingo, nyuzi 180 kutoka hapo, kwenye kona ileile na kuchomelewa kulekule. Sampuli C ilitoka kwenye kiti cha beringi cha ncha ya pili ya shafti, ambacho hakikuguswa na fundi. Hii C watu wengi huiruka ili kuokoa muda. Bila hiyo huna cha kulinganisha, na kila utakachokiona kwenye A utakiita kasoro.

Ukataji ulifanywa kwa diski ya kusaga inayomwagiwa maji muda wote, kwa mwendo wa polepole. Grainda ya mkono ikikatia karibu na sampuli huchoma chuma. Ukiona rangi ya samawati pembeni mwa mkato, joto limepita nyuzi 290 za Selsiasi au zaidi, na martensaiti yoyote iliyokuwepo, yaani muundo mgumu na mwepesi kuvunjika wa chuma kilichopozwa ghafla, imeshaanza kulegea. Hapo unasoma moto wa grainda ukidhani unasoma moto wa kuchomelea. Kama hakuna mashine nyingine, kata milimita 10 nje ya eneo unalolitaka, kisha sogea kwa msasa na maji. Msumeno wa mkono unakubalika kwa chuma laini. Kwenye sampuli A msumeno wa mkono uliojaribiwa kabla ya diski uliteleza milimita mbili chini ya uso uliojazwa, na meno yake yakaisha. Dalili ya bure kabisa, kabla ya kipimo chochote.

Sampuli zilizamishwa kwenye resini baridi ya epoksi. Kuna sababu ya kukataa ile ya moto: bekelaiti hushindiliwa kwa takribani nyuzi 150 hadi 180 kwa dakika kadhaa, na joto hilo linatosha kuigusa martensaiti mbichi na kubadili inavyopokea asidi. Epoksi nyepesi pia huingia ndani ya ufa na kushika kingo zake zisimeguke wakati wa kusugua.

Msasa ulikuwa wa namba 180, 240, 320, 400, 600 na 1,200, kwa maji, sampuli ikigeuzwa nyuzi 90 kila msasa unapobadilishwa hadi mikwaruzo ya msasa uliopita iishe yote. Kisha kitambaa chenye almasi ya mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 6, 3 na 1, na mwisho aluminia ya mikroni 0.05 kwa muda mfupi sana. Tamaa ya kung'arisha sana ina gharama hapa, kwa sababu sampuli ina chuma laini na chuma kigumu bega kwa bega. Kitambaa chenye manyoya kikikaa muda mrefu huchimba upande laini, mpaka kati yao unakuwa ngazi, na hadubini haiwezi kuona pande zote mbili kwa uangavu mmoja. Na vumbi la kiangazi likiangukia kitambaa cha mikroni 1, kitambaa hicho kitupwe. Kukiosha ni kujidanganya.

Ufa una shida yake ya pekee. Hunyonya maji na spiriti, kisha huvitema polepole baada ya asidi, na kuchora doa la kahawia ambalo mgeni hulisoma kama kutu ya zamani. Dawa yake ni kuoga kwenye chombo cha mawimbi ya sauti kwa dakika 2 au 3 ndani ya ethanoli na kukausha kwa hewa ya moto, kabla ya asidi na baada ya asidi.

Kilichoonekana kabla ya asidi

Sampuli iangaliwe kwanza ikiwa imeng'arishwa tu. Asidi ikishapita, uchafu wa ndani ya chuma hauonekani tena vizuri. Kwenye C kulikuwa na nyuzi nyembamba za kijivu za salfidi ya manganizi, zimelala kwa urefu wa shafti kama ilivyo kawaida ya chuma kilichoviringishwa. Hakuna kundi kubwa la oksidi, hakuna tundu la katikati, hakuna mkunjo wa kuviringishia. Ni uchafu wa kiwango cha shafti za biashara, na uliolala kwa urefu haudhuru sana shafti inapokunjwa. Chuma feki hakikuonekana.

Kwenye A, mdomo wa mvunjiko ulionekana ukishuka kutoka kwenye kona kwa mteremko kwa milimita 1.8, kisha ukajinyoosha wima kwa shafti. Kwenye B, ambako hakuna kilichokatika, kulikuwa na ufa mfupi wa milimita 0.6, umejificha, umeanzia kona ileile na kufuata mteremko uleule. Ufa wa B ndio ushahidi mzito kuliko yote. Haukufika kukua kwa uchovu, hivyo umbo lake la kuzaliwa bado lipo.

Asidi na chuma cha asili

Naitali ya asilimia 2 ilitosha: mililita 2 za asidi ya nitriki ndani ya mililita 98 za ethanoli, asidi ikiingizwa kwenye ethanoli, taratibu, na miwani ikiwa usoni. Spiriti ya rangi ya zambarau inayouzwa madukani inaweza kusaidia katika dharura, lakini rangi na maji yake huacha madoa. Mchanganyiko wenye asidi zaidi ya asilimia 5 usihifadhiwe ndani ya chupa iliyofungwa. Hujenga gesi na unaweza kulipuka. Sampuli hutumbukizwa sekunde 5 hadi 10, mpaka mng'ao ufifie, kisha husuuzwa kwa ethanoli safi na kukaushwa.

Sampuli C ilionyesha feraiti nyeupe, ambayo ni chuma laini, na pelaiti nyeusi, ambayo ndiyo hubeba kaboni, chembe za mikroni 25 hivi, zilizosambaa sawasawa. Kwa kuhesabu nukta kwa gridi ya nukta 100 kwenye maeneo 10, pelaiti ilipata asilimia 58. Pelaiti ina kaboni asilimia 0.77 hivi na feraiti haina karibu chochote, kwa hiyo hesabu inatoa kaboni ya takribani asilimia 0.45, na kosa la kuhesabu likiwekwa, kati ya 0.43 na 0.48. Njia hii haina gharama zaidi ya muda, ila isitumike kwa chuma kilichopoa haraka. Humo pelaiti hujitanua kuliko inavyostahili na kaboni ikaonekana nyingi kuliko ilivyo. Spektromita ya cheche, kifaa kinachosoma viambata vya chuma, baadaye ilisoma kwa asilimia kaboni 0.46, manganizi 0.68, silikoni 0.25, salfa 0.022 na fosforasi 0.015, pamoja na kromu 0.10, nikeli na shaba kidogo. Ugumu ulikuwa HV 195, HV ikiwa kipimo cha Vickers. Ni chuma cha shafti kama kinavyotakiwa kuwa.

Lakini ukiweka namba hizo kwenye hesabu ya kaboni linganifu, inayoonyesha chuma kitakavyopokea kuchomelewa, ambapo manganizi hugawanywa kwa 6, kromu kwa 5, nikeli na shaba kwa 15, kisha vyote vikajumlishwa na kaboni, unapata 0.61. Ikipita 0.45 tahadhari ya kupasha moto kabla ya kuchomelea inaanza kuwa lazima. Kwa 0.61 hakuna mjadala. Ubora wa chuma hiki ndio unaokifanya kichukie kuchomelewa baridi, na hapo ndipo kauli ya fundi inapogeuka: kingekuwa chuma laini cha nondo za geti, pengine shafti isingekatika hivi.

Chini ya mistari minne

Sampuli A na B zilitiwa kwanza naitali ya asilimia 10 kwa nusu dakika ili mistari ya kuchomelea ionekane kwa macho. Ilikuwa minne, imezungushwa kwenye mzingo, kuanzia ncha ya puli kuelekea begani. Fundi alikuwa amekwangua kiti hadi milimita 43, akajaza kwa fimbo za kawaida zenye ganda la rutaili, aina ya E6013, akakereza kurudi 45. Kilichobaki cha kuchomelea kilikuwa na unene wa milimita 2.5 ukijumlisha na kilichoyeyuka pamoja na shafti. Chini yake kulikuwa na ukanda wa joto wa milimita 2: chuma ambacho hakikuyeyuka, ila kilipata joto la kutosha kugeuka ostenaiti, muundo wa chuma kikiwa na moto mkali, kisha kikapozwa ghafla na wingi wa chuma baridi uliokizunguka.

Baada ya kung'arisha upya na naitali ya asilimia 2, ukanda huo ulijigawa wenyewe. Chini ya mistari mitatu ya kwanza ulikuwa mweusi na wenye mabaka. Hiyo ni martensaiti iliyolegezwa, kwa sababu kila mstari mpya ulipasha tena sehemu kubwa ya ukanda wa jirani yake. Chini ya mstari wa nne, ule wa begani, ukanda ulikuwa wa rangi ya majani makavu, wenye sindano, na chembe za zamani za ostenaiti zilizokua hadi mikroni 120. Martensaiti mbichi. Hakukuja mstari wa tano wa kuilegeza.

Ugumu ulipimwa kwa Vickers, uzito wa gramu 500, kila milimita 0.25 kutoka usoni kwenda ndani. Kwa uzito huo alama kwenye chuma cha HV 200 ina ulalo wa mikroni 68, na kwenye HV 600 mikroni 39, hivyo nafasi hiyo inatosha alama zisiathiriane. Chuma cha fimbo kilisoma 215 hadi 240, juu kidogo ya kawaida yake kwa sababu kilikuwa kimekunywa kaboni ya shafti. Ukanda chini ya mistari mitatu ya kwanza ulisoma 340 hadi 410. Chini ya mstari wa nne: 610 hadi 645. Milimita moja mbele, 195. Mruko wa mara tatu ndani ya unene wa ukucha.

Na ukanda wa HV 600 na ushee haukuwa umefunikwa. Mguu wa mstari wa nne uliishia penye bega, kisu cha kereza kikala chuma cha juu, na ukanda mgumu ukatokeza usoni ndani ya kona yenyewe. Kona ilikuwa ya mraba, imechongwa na kisu chenye ncha. Beringi ya shafti hii, namba 6209, inaruhusu kona ya duara ya hadi milimita 1. Hapa duara haikufika milimita 0.1.

Ufa wa B ulifuata mipaka ya chembe kubwa za zamani za ostenaiti, ukikatiza chembe hapa na pale. Kingo zake hazikuwa na feraiti nyeupe iliyopoteza kaboni, wala ganda la oksidi la moto mkali, kwa hiyo haukutoka kiwandani wala haukupasuka chuma kikiwa chekundu. Ulizaliwa baada ya kupoa. Mahali ulipo, njia yake kati ya chembe na muundo ulioupitia vinaelekeza kwenye ufa wa baridi wa haidrojeni. Huo huhitaji vitu vitatu kwa pamoja: muundo mgumu, haidrojeni, na mkazo wa kuvuta. Fimbo za rutaili huacha haidrojeni nyingi, zaidi ya mililita 15 kwa gramu 100 za chuma kilichojazwa, na mstari unaposinyaa kando ya bega nene mkazo hauhitaji kutafutwa. Mkazo huohuo uliobaki ndani huushikilia ufa wazi hata shafti inapozunguka ukawa upande wa kubanwa, ndiyo maana MPa 42 zilitosha kuusukuma.

Ufa wa namna hii hautokei papo hapo. Unaweza kuchukua saa chache hadi siku mbili. Shafti ilichomelewa na kukerezwa siku hiyohiyo ikarudi kazini. Hata fundi mwenye jicho kali asingeuona.

Kauli tatu, baada ya vipimo

Chuma hakikuwa feki. Mikanda huenda ilikazwa, lakini hata ikikazwa mara moja na nusu ya kiasi mkazo unabaki mdogo. Iliharakisha, haikuanzisha. Chanzo cha mvunjiko ni kuchomelea chuma cha kaboni 0.46 kikiwa baridi, kwa fimbo yenye haidrojeni, na kumalizia mstari wa mwisho kwenye kona iliyobeba mkunjo.

Muuzaji hata hivyo hajatoka salama. Kiti cha ncha ya pili, ambacho hakikuguswa, kilipimwa sehemu kadhaa zisizo na dalili ya kuchakaa kikasoma milimita 44.98. Kwa beringi hiyo kiti kilipaswa kuwa kati ya 45.002 na 45.013. Tundu la beringi lenyewe hutengenezwa kati ya 44.988 na 45.000, kwa hiyo shafti ilitoka dukani ikiwa imelegea kwa mikroni 8 hadi 20. Pete ya ndani ya beringi yenye nafasi hiyo hutembea juu ya shafti na kuila. Kama kiti cha upande wa puli kilichongwa kwa kipimo hichohicho, na kwa kuwa hubeba mzigo mkubwa zaidi, ndicho kilichoanza kuisha, na hapo ndipo haja ya kujaza ilipozaliwa.

Namna ya kuijaza, na kwa nini pengine usijaze

Ikilazimu kujaza chuma hiki, grisi yote itolewe, shafti ipashwe moto mpaka ndani ifike nyuzi 250 hadi 300, na joto hilo lidumishwe kati ya mstari na mstari. Asiye na chaki za joto, zile zinazoyeyuka kwa nyuzi maalumu, atumie waya wa risasi ya kuchomelea redio wa 60/40 (bati 60, risasi 40), ambao huyeyuka kwa nyuzi 183 hadi 190, na kipande cha risasi tupu, ambacho huyeyuka kwa 327. Wa kwanza uyeyuke ukigusishwa kwenye shafti, cha pili kisiyeyuke. Ukiwa kwenye kaa la moto, gusa upande usiotazama moto na usubiri dakika kadhaa, uso hudanganya.

Fimbo ziwe za haidrojeni ndogo, aina ya E7018, zilizokaushwa kwa nyuzi 300 hadi 350 kwa saa 1 au zaidi na kutolewa kwenye oveni chache chache. Fimbo ya E7018 iliyokaa wazi dukani ina faida ndogo sana kuliko jina lake. Anzia begani na uende nje, ili mstari wa begani upate jirani wa kuulegeza, na mstari wa mwisho uwe juu ya chuma kilichokwisha kujazwa, utakaokerezwa na kutupwa. Kisha nyuzi 600 kwa saa 1 hadi 2, shafti ikiwa imening'inizwa wima isipinde, ipoe ndani ya majivu makavu. Wengine hupendekeza fimbo za chuma kisichoshika kutu, aina ya 309 au 312, kwa madai kwamba hazihitaji moto. Kweli huishikilia haidrojeni ndani yake, lakini ukanda wa joto wa shafti hauulizi ni fimbo gani. Unageuka martensaiti vilevile.

Ukijumlisha mkaa, oveni, fimbo na siku mbili za kusubiri, hesabu inakaa vibaya. Shafti nzima inatoka kwenye kipande cha milimita 55 chenye urefu wa milimita 800, yaani kilo 15 hivi za chuma. Kwa mashine ya ukubwa huu, kuchonga mpya ndiyo njia ya busara, na ndivyo ilivyoamuliwa: viti kati ya 45.002 na 45.013, kona ya duara ya milimita 0.8 iliyosuguliwa kwa msasa namba 400, na hakuna kuchomelea popote kati ya beringi mbili.

Mwenye mashine ana nyingine mbili zilizojazwa kwa mtindo uleule, na hizo hazihitaji hadubini kwanza. Beringi ivuliwe, kona isafishwe kwa asetoni, ncha ya tupa ndogo mpya ipitishwe kwenye uso wa bega, milimita mbili za kwanza kutoka kwenye kona. Ikiteleza badala ya kung'ata, ukanda mgumu upo hapo. Kisha dawa nyekundu ya kupenya, dakika 10 hadi 15, futa, nyunyiza ile nyeupe, subiri dakika 10 nyingine. Mstari mwekundu ukijitokeza kwenye kona, shafti hiyo isirudishwe kwenye mashine hata kwa debe moja la mahindi.